Uzi: Riwaya ambazo wezi ndio wenye ndoa imara, na kwa nini Kusini tunadaiwa moja

MLETA UZI (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutamnunia.

Kuna aina ya riwaya ninayoipenda ambayo watu wazima wakikukuta unaisoma wanakuuliza kama huna kazi. Ni riwaya ya kuchekesha. Mapenzi yamepigwa mafundo: kijana anampenda binti, binti amemkasirikia kwa jambo ambalo kijana hakulifanya, na mwenye kujua ukweli ana sababu zake za kunyamaza. Pembeni wapo matapeli wa pande mbili wanaowinda mali moja, kila upande ukitaka kuuzunguka wa pili. Hakuna anayekufa, na hakuna anayejifunza kitu. Unacheka mpaka unasahau deni la dukani.

Bingwa wa aina hiyo, kwa maoni yangu, ni Mwingereza P.G. Wodehouse (1881–1975). Wengi wanaomjua wanamjua kwa sababu ya Jeeves, yule mtumishi mwenye akili kuliko bosi wake. Leo Jeeves apumzike. Nawaletea watu wake watatu wasiotajwa sana: Soapy Molloy, mkewe Dolly, na hasimu wao Chimp Twist. Aliwatumia katika riwaya tano: Sam the Sudden (1925), Money for Nothing (1928), Money in the Bank (1942), Ice in the Bedroom (1961) na Pearls, Girls and Monty Bodkin (1972). Kati ya ya kwanza na ya mwisho ni miaka 47. Pamepita vita kuu, watu wamefika mwezini, na hawa watatu hawajazeeka wala hawajafanikiwa.

Soapy ni mtu mzima mwenye haiba ya mheshimiwa. Ukimwona tu unataka kumpisha kiti. Kazi yake ni kuuza hisa za mafuta ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Ukimtoa kwenye hisa, akili nyingine hana, na mwenyewe analijua hilo na analikubali. Dolly ndiye ubongo. Ni mrembo, ana vidole vyepesi, dukani anaingia mikono mitupu na kutoka na zawadi, na maneno yakishindwa hasiti kumtwanga mtu kichwani kwa kitu kizito. Chimp ni mtu mdogo mwenye sura ya nyani na masharubu aliyoyanyoosha kwa nta. Ana ofisi ya upelelezi na anajiita J. Sheringham Adair, jina la kukodi kabisa. Akina Molloy humhitaji kila wanapokwama, na kila wakimshirikisha anawageuka, au wao wanamgeuka kwanza ili wasichelewe.

Sasa chukueni Ice in the Bedroom. Dolly ameiba vito vya mke wa tajiri na kuvificha chumbani, katika nyumba waliyopanga kwenye kitongoji cha Valley Fields, London. (Kitongoji ni cha kubuni, mwandishi alikichonga kutokana na Dulwich alikosoma shule.) Kabla hawajavitoa, nyumba imepata mpangaji mwingine, Leila Yorke, mama anayetunga riwaya za mapenzi za kuliza wanawake. Safari hii kachoka na mapenzi, anataka kuandika kitabu kizito cha huzuni, kwa hiyo ametafuta mtaa uliopooza. Kaja na katibu wake, Sally Foster. Nyumba ya jirani anakaa Freddie Widgeon, ambaye Sally ndiye pumzi yake, na Freddie anakaa na binamu yake ambaye ni polisi.

Freddie anatafuta pauni 3,000 aingie ubia kwenye shamba la kahawa Kenya. Ndiyo, Kenya hii ya jirani zetu. Pesa aliyokuwa nayo ameshaitumbukiza kwenye hisa za mafuta za Silver River. Aliyemuuzia nani? Soapy.

Mmeona fundo hilo? Nyumba mbili zinapakana. Wezi wanataka kuingia chumbani, mtunzi anataka kulala chumbani, mpenzi anataka kuonekana dirishani, na polisi ndiye jirani. Kila mmoja ana sababu halali kabisa moyoni mwake, na hakuna hata mmoja anayeweza kuitamka. Vita vyote vya mapenzi na vya wizi vinapiganwa kwenye korido moja, na mtu akijificha kabatini hujui kama ni mwizi au mchumba.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Katika vitabu hivi watu wema ndio wanaogombana. Wachumba wanarushiana pete, wanazira, wanaandikiana barua za kuachana saa nne na saa sita wanajuta. Wezi, yaani Soapy na Dolly, hawagombani. Dolly hamcheki mumewe kwa akili zake fupi. Soapy haoni aibu kumuuliza mkewe, "Sasa tufanyeje, mpenzi?" Dili likifa, na dili zao hufa zote, hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole. Ndoa pekee yenye afya katika kitabu kizima ni ya majambazi, na mwandishi halisemi hilo hata mara moja. Anakuacha uligundue mwenyewe ukurasa wa mia mbili huko, uone aibu kidogo.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mapenzi na utapeli humu ni kamba moja, na anayedhani matapeli wamewekwa kuchangamsha hadithi ya mapenzi hajaisoma vizuri. Karibuni.

MCHANGIAJI (Lindi mjini)

Mkuu umeandika vizuri ila umetuvusha bahari bure. Wahusika wa kujirudia tunao. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tupo naye tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Willy Gamba wa Musiba amewapiga maadui vitabu na vitabu. Kabla ya hao Abunuwasi hana hata idadi. Tukatafute nini Dulwich?

MLETA UZI

Nawaheshimu wote watatu, na Bwana Msa na kiko chake huniambii kitu. Ila angalia wamekaa upande gani. Bwana Msa anatafuta ukweli. Willy Gamba anawinda maadui wa nchi. Ni wawindaji, na kitabu kikiisha mwovu amekwisha naye. Kitabu kinachofuata kinaleta mwovu mpya. Kwa Wodehouse anayerudi ni mwizi. Wapenzi ndio wanaobadilika kila kitabu, leo Sam na Kay, kesho John na Pat, kesho kutwa Freddie na Sally. Wezi ndio wenyeji, wapenzi ni wageni wa wiki.

Hilo linabadilisha namna unavyosoma. Soapy akiingia ukumbini na kuanza kumsifia mtu hali ya hewa, mhusika mwingine anaona mzee mstaarabu, wewe unaanza kucheka kwa sababu unajua baada ya sentensi tatu yatatajwa mafuta.

Abunuwasi yuko karibu zaidi, nakubali. Lakini Abunuwasi hushinda, na yuko peke yake kwenye ujanja wake. Mpe Abunuwasi hasimu mwenye akili sawa na yake, halafu mpe mke mwenye akili kumzidi, hapo tutaongea.

MCHANGIAJI (Nachingwea)

Mimi nitakuwa mgumu kidogo. Mnawapamba wezi. Wakati wa joto la gesi baba yangu mdogo aliuziwa kiwanja Mtwara, kumbe kiwanja hichohicho kimeshauzwa kwa mtu mwingine. Muuzaji alikuwa hivyohivyo unavyosema: mtu mzima, suti, sauti ya taratibu, anakupisha kiti. Baba mdogo hakucheka. Mpaka leo ukitaja neno hati anaondoka barazani.

MLETA UZI

Pole kwa mzee. Na kwa kweli umenionyesha kwamba Soapy angepata kazi hapa asubuhi na mapema. Miaka ile bomba la kwenda Dar linajengwa, kila mwenye ekari mbili karibu na barabara alijiona tajiri mtarajiwa, na mtu anayejiona tajiri mtarajiwa ndiye mteja wa kwanza wa mwenye suti.

Ila kuhusu kuwapamba, hapana. Kwanza katika vitabu vyote hivyo hawatajiriki. Pili, angalia nani anayelizwa. Money for Nothing kuna mzee anaitwa Lester Carmody, bwana wa jumba kubwa la ukoo, bahili wa kutisha. Jumbani kuna vitu vya thamani vya mababu ambavyo kisheria haruhusiwi kuviuza, ila vina bima. Anachofanya ni kupatana na akina Molloy na Chimp waje wamwibie yeye mwenyewe, alipwe bima, wagawane. Mheshimiwa wa kijiji anaajiri wezi wa nyumba yake! Tena ameingia kwenye ugomvi na jirani yake Kanali Wyvern kwa sababu mlipuko ulipotaka kutokea alimshika kanali akamfanya ngao. Na mpwa wa Carmody anampenda binti wa kanali. Hapo ndipo fundo.

Ukiweka Carmody na Soapy kwenye mizani, nani mwizi? Soapy angalau anaamka asubuhi anajua yeye ni tapeli. Wodehouse hachezi na maskini aliyelizwa. Wanaoanguka mikononi mwa akina Molloy kwake mara nyingi ni watu waliokuwa wanataka kitu cha bure, na kile kichwa cha kitabu, Money for Nothing, kinawahusu wao zaidi kuliko wezi. Baba yako mdogo alitaka kiwanja kwa pesa yake halali, huyo simtii kwenye kichekesho.

MCHANGIAJI (Lindi mjini)

Basi kama ni kuandika ya kwetu, mali ninayo tayari: mali za Mjerumani. Nani huku hajawahi kufuatwa na mtu mwenye ramani? Historia yenyewe inasaidia. Oktoba 1917 Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, kapigana na Waingereza Mahiwa, hapa mkoani kwetu, vita vya kutisha. Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwaka mmoja kabla, Tabora, Wajerumani walifyatua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Tapeli anahitaji nini zaidi? Anakuonyesha sarafu moja, anakwambia sanduku lipo chini ya mbuyu, linataka mchango wa dizeli na mganga.

Au tumlete mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria! 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa huku, mjusi mwenyewe kasimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Matapeli wawili wanauza "mfupa uliosahaulika" kwa watalii wawili tofauti, mfupa wenyewe wa ng'ombe.

MLETA UZI

Mfupa wa ng'ombe nimecheka kwa sauti, jirani kagonga ukuta.

Ila mali za Mjerumani zina kasoro moja ya kiufundi. Ziko porini. Shimo chini ya mbuyu halina mke wa mtu, halina binti wa nyumba, halina shangazi anayeamka usiku kunywa maji. Mkichimba mnachimba, mkikosa mnakosa. Riwaya ya namna hii inataka mali iwe ndani ya nyumba ambamo mtu mwingine ana haki ya kulala. Angalia Sam the Sudden: hati za benki zilizoibwa zimefichwa kwenye nyumba iitwayo Mon Repos, na Sam kaja kuipanga kwa sababu tu jirani ni Kay, msichana aliyempenda kwa kuona picha yake ukutani kwenye kibanda cha porini huko Canada. Wezi wanaitaka nyumba kwa ajili ya hati, Sam anaitaka kwa ajili ya jirani. Hamumkuti mtu wa namna hiyo chini ya mbuyu wa Mahiwa.

Ukitaka rupia za tembo, zitoe porini uzilete Mikindani, kwenye nyumba kongwe ya mawe yenye warithi kumi na moja wasiosalimiana. Hapo sawa.

MCHANGIAJI (Newala)

Wakuu mmesahau mnaishi wapi. Huku mali kubwa inalala kwenye gunia. Wazo langu: mwizi kakimbizwa, kapita uani kwa mkulima, kaona magunia ya korosho yameshonwa nusu, kakichomeka kifuko cha dhahabu ndani akaruka ukuta. Asubuhi anarudi, magunia yameshakwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kutoka AMCOS yanakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Magunia maelfu, yote yamefanana. Mwizi anajifanya mnunuzi anayetaka kukagua. Hasimu wake anajifanya mkaguzi wa ubora. Na mkaguzi ana bambo, kile chuma cha kutoboa gunia na kutoa sampuli, anachoma gunia moja baada ya jingine akitega sikio, krrr, korosho, krrr, korosho, ting! Na wakati huohuo karani wa ghala amejificha nyuma ya magunia na mchumba wake.

MLETA UZI

Ting! Huyu apewe kiti cha mbele. Hii sura ya ghala usiku nailipia. Na mfumo wenyewe wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008, ni kama uliundwa na mtunzi wa vichekesho: kila gunia lina karatasi, kila karatasi ina sahihi, na kila mwenye sahihi ana shemeji.

Ninachokosa ni mwanamke mwenye nguvu. Karani na mchumba wake hapo wamejificha tu. Ukiwatoa, hadithi ya dhahabu inaendelea bila wao. Kwa kipimo changu hiyo ni hadithi nzuri ya wezi, mapenzi yamekaa pembeni.

MCHANGIAJI (Tandahimba)

Nami nitupie. Mnakumbuka 2018? Novemba ile serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, wanajeshi wakaja kuzisomba, halafu ukaja uhakiki: hizi korosho zako umezitoa shamba gani, twende tukaone. Mkulima hana wasiwasi, shamba lile pale. Aliyepauka ni kangomba, mlanguzi wa korosho. Kanunua kwa watu kwa bei ya kutupa mikorosho ikiwa bado maua, watu wana njaa, sasa ana magunia themanini na hana hata mti wa kivuli. Usiku ule kangomba walitafuta mashamba kuliko walivyowahi kutafuta pesa.

Sasa weka mjane mwenye ekari ishirini.

MLETA UZI

Simameni wote. Hii ndiyo.

Nimezunguka chumbani toka nisome. Mali siyo dhahabu, mali ni ekari, na ekari zina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke asiye na mume. Mjane wetu aliachiwa mikorosho na marehemu, mwaka huo hakupata salfa ya kutosha ya kupulizia, ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua, akavuna magunia machache. Ekari nyingi, magunia haba. Kangomba ana magunia mengi, ekari hana. Kwake hiyo ni posa iliyojileta yenyewe mlangoni. Na hawezi kusema sababu. Lazima aseme ni mapenzi.

Sasa niingize watu wangu. Kangomba wa kwanza ana mke, na wanapendana. Ndio akina Molloy wetu, ila wawe wa kwetu kabisa: mwanamume ana kanzu safi na maneno matamu, mwanamke ana daftari la madeni kichwani. Mpango unatoka kwa mke. Mume atampose mjane, na mke atajitambulisha kama dada wa mposaji. Kwa hiyo anayepeleka posa ni mke mwenyewe! Anakaa mkekani kwa mjane, anamsifia mumewe. Mpole. Hapigi kelele. Akipata shilingi anakumbuka nyumbani. Alianza kama mchezo, lakini kwa kuwa anampenda kweli sifa zinamtoka kwa dhati, mpaka machozi yanamlenga, mpaka mjane anamwambia:

"Wifi, mwanamume wa namna hiyo kwa nini hajaoa mpaka leo?"

"Alikuwa anasubiri, dada yangu."

"Anasubiri nini?"

"Msimu."

Kangomba wa pili, hasimu, ana magunia yake naye. Anaingia kwa njia nyingine: kajifanya mpimaji, anazunguka shambani na simu mkononi akihesabu mikorosho kwa sauti, anamwambia mjane mipaka yake imeingiliwa na anahitaji mtu wa kumsimamia, mtu wa karibu, mtu wa ndani. Mume na mke wanamjua fika, waliwahi kuliana pesa msimu uliopita. Hawawezi kumchoma bila kujichoma. Wanakutana kila asubuhi kwenye baraza la mjane na kusalimiana kwa heshima zote, "Shikamoo kaka," "Marahaba, hali ya dada?" huku kila mmoja akiangalia viatu vya mwenzake kuona kama vina vumbi la shambani.

Wapenzi wa kweli ni binti wa mjane na karani wa AMCOS. Karani anasikia tu kwamba kwenye nyumba ile imepelekwa posa. Hakuuliza posa ya nani. Nyumba ina binti wa miaka ishirini na mbili, ungeuliza? Anamtumia binti ujumbe wa maneno sita, mkavu. Binti, ambaye jana yake alimtetea kwa mama, anaona huyu kapata wa mjini, anazima simu. Na karani ndiye anayeshika orodha ambayo kangomba wote wawili wanataka magunia yao yaandikwe kwa jina la mjane! Akikataa, anajua anamharibia "mkwe" wake. Akikubali, ameandika uongo na mpenzi amemkosa vilevile.

MCHANGIAJI (Masasi)

Kaka zangu mmeandika vizuri lakini nawaona mnakoelekea, mnataka mjane awe mwanamke wa kudanganywa mpaka sura ya mwisho aokolewe na karani. Mimi nimelelewa na mjane wa mikorosho. Huyo mama anamjua kangomba kwa namna anavyofunga kamba ya gunia. Kajua siku ya kwanza. Ananyamaza kwa sababu paa linavuja na palizi haijafanyika.

Kwa hiyo anapokea kishika uchumba cha wa kwanza, anaezeka mabati. Anapokea cha wa pili, anaweka akiba ya salfa ya mwakani. Kila mposaji akija anaambiwa marehemu alikuwa hodari wa jembe, na wosia wake ni kwamba atakayemrithi ajulikane shambani. Wanalima! Kangomba wawili na kanzu zao wanapalilia ekari ishirini kwa kushindana, na yule "wifi" anawapikia.

MLETA UZI

Dada wa Masasi, chukua uzi, mimi nakuwa mtazamaji.

Hili linaniondolea shida niliyokuwa nayo, maana nilihofia tutacheka mwaka ambao watu wengi walikuwa na wasiwasi wa kweli. Sasa mkulima ndiye mwenye kujua kila kitu, na anayetoka jasho ni kangomba. Na angalia ndoa ile ya wezi inavyopata mtihani wake: mke anamwona mumewe jua kali, malengelenge mkononi, anamlimia mwanamke mwingine. Hapo hata daftari la kichwani linafutika. Naona kabisa sura ambayo anavunja mpango wenyewe kwa sababu hawezi kuvumilia, anamfuata shambani saa sita na maji ya kunywa, anasahau yeye ni dada, anamwita "mume wangu" mbele ya hasimu.

Na hasimu badala ya kumchoma anakaa chini ya mkorosho na kuomba maji.

MCHANGIAJI (Nachingwea)

Hapo nimekubali. Lakini nani ataandika? Huku kila mtu anawaza ada na pembejeo, vichekesho vinaandikwa na mtu mwenye nafasi.

MLETA UZI

Money in the Bank iliandikwa kambini. 1940 Wajerumani walimkamata Wodehouse nyumbani kwake Le Touquet, Ufaransa, wakamweka kizuizini pamoja na raia wengine wa Uingereza, mwishowe Tost, huko Silesia, kwenye jengo lililokuwa hospitali ya vichaa. Humo ndimo alimoandika habari za bwana mmoja aliyezificha almasi zake kwa ustadi mpaka mwenyewe akasahau alikoziweka, akaamua kujifanya mtumishi kwenye jumba lake mwenyewe ili apate kuzitafuta. Chimp na akina Molloy wamo. Baadaye, 1941, alitangaza kwenye redio ya Wajerumani habari za maisha ya kambini kwa mzaha, na Waingereza wengi hawakumsamehe, aliishia Marekani. Hilo la redio mimi pia silipendi. Lakini kitabu chenyewe ukikisoma huoni waya wa kambi hata ukurasa mmoja.

MCHANGIAJI (Newala)

Tuanze na kipi? Na vinapatikana wapi, maana huku duka la vitabu linauza madaftari.

MLETA UZI

Anzeni na Money for Nothing. Si cha kwanza kutoka, ila ndicho chenye fundo lililofungwa vizuri zaidi, na Carmody mtamchukia kwa raha. Kisha rudini Sam the Sudden, ambacho Marekani kilitoka kwa jina la Sam in the Suburbs, msije mkanunua mara mbili. Hivyo viwili haki zake za kunakili zimekwisha Marekani, kwa hiyo huko vinaruhusiwa kuwekwa mtandaoni bure, cha 1925 tangu mwanzo wa 2021 na cha 1928 tangu mwanzo wa 2024. Kiingereza chake kina mbwembwe. Usipoelewa mzaha mmoja pita, mwingine uko mstari wa tatu.

Ice in the Bedroom kisomwe cha tatu, kwa sababu ya Freddie na kahawa yake ya Kenya. Sijawaambia kama alifika, na sitawaambia. Cha 1972 kiacheni mwisho kabisa. Alikitoa akikaribia kutimiza miaka 91 na hakuhangaika kuwatambulisha wezi wake upya, anawachukulia kama watu mnaowajua tayari.

Dada wa Masasi, ile sura ya palizi uiandike wewe. Mimi nachukua ghala na bambo, wa Tandahimba achukue usiku wa uhakiki. Wa Lindi, mfupa wa ng'ombe tutautafutia nafasi.